Fonti na picha: jinsi ya kuandaa faili la kuchapwa ili kazi itoke kama ulivyoipanga

Kazi nyingi zinazobuniwa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe huchapwa mbali na meza zilikotengenezwa. Kadi za mchango zinaweza kutoka siku hiyohiyo kwenye mashine ya dijitali pale Mwanjelwa au Miyomboni, lakini kitabu cha nyimbo, kalenda elfu mbili za ushirika au lebo za pakiti za chai mara nyingi huenda kwenye ofseti (mashine kubwa inayochapa kwa bamba za metali ziitwazo pleti), na mara nyingi ofseti hiyo iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Faili linatangulia kwa intaneti, mzigo unarudi kwa basi. Likienda faili bovu, haupo pale kumwambia fundi kwamba herufi hizi siyo zenyewe. Pleti zikishachomwa na wino ukishagusa karatasi, hasara inamwangukia aliyetuma, na aliyetuma kwa kawaida amebeba fedha za watu: michango ya harusi, sadaka za kwaya, mtaji wa kina mama wanaofungasha asali.

Lengo la mwongozo huu ni moja. Faili liondoke kwako likiwa halitegemei kitu chochote kilichobaki kwenye kompyuta yako. Vinavyosahaulika nyuma mara nyingi zaidi ni fonti na picha, kwa hiyo ndivyo nitakavyokaa navyo kwa muda mrefu.

Hatua ya 1: Ongea na mchapaji kabla ya kufungua programu

Wabunifu wengi hufanya kinyume: wanamaliza kazi, mteja anakubali, ndipo wanatafuta wa kuchapa. Hapo tayari umeshachagua saizi, rangi na unene wa herufi bila kujua karatasi. Mpigie au mwandikie mapema, kwa mfano hivi:

"Habari za kazi, kaka. Nina kitabu cha A5, kurasa 64, ndani rangi moja, kava rangi nne. Mnapokea PDF ya aina gani? Blidi mnataka milimita ngapi? Ndani mtatumia karatasi gani, gramu ngapi? Na profaili ya rangi mnayotumia ni ipi?"

Profaili ya rangi ni maelezo yanayoiambia programu jinsi wino na karatasi fulani vinavyotoa rangi; blidi tutaiona Hatua ya 2. Majibu hayo yaandike mahali utakapoyaona. Kama kitabu kitabanwa kwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Tuma kurasa mojamoja kwa mfuatano wa kusoma. Kuzipanga kwenye karatasi kubwa ni kazi ya mchapaji, na ukimpangia wewe unampa kazi ya kuzitenganisha upya.

Hatua ya 2: Weka ukurasa katika saizi yake halisi

A4 ni milimita 210 kwa 297, A5 ni 148 kwa 210, A3 ni 297 kwa 420. Fungua ukurasa kwa saizi hiyo, kisha ongeza blidi, yaani ziada ya rangi au picha inayovuka mstari wa kukatia. Milimita 3 kila upande ndiyo desturi, isipokuwa mchapaji amesema vinginevyo. Gilotini hukata rundo la karatasi kwa pamoja, na karatasi husogea kidogo. Bila blidi utaona uzi mweupe pembeni mwa kadi. Upande wa ndani nako, maandishi yakae angalau milimita 5 kutoka mstari wa kukatia.

Hatua ya 3: Fonti

Unapohifadhi kazi kwenye Illustrator, CorelDRAW, InDesign, Publisher au Word, mara nyingi faili halibebi herufi zenyewe. Linabeba jina la fonti na maelezo ya wapi kila herufi ikae. Kompyuta ya mchapaji ikilisoma jina hilo na isiikute fonti, inaweka nyingine inayoona inafaa. Ile fonti ya mwandiko uliyoichagua kwa majina ya bwana na bibi harusi inageuka kuwa Arial au Courier. Na kwa kuwa upana wa herufi umebadilika, mistari inavunjika mahali pengine: aya iliyoishia ukurasa wa 12 inamwagikia ukurasa wa 13, na namba za kurasa kwenye yaliyomo zinakuwa za uongo.

Kuna njia tatu za kuzuia hilo, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni kuzika fonti ndani ya PDF. Hii ndiyo inayofaa kwa vitabu, majarida, ripoti na kazi yoyote yenye maandishi mengi. Herufi zinabaki herufi, zinachapika kwa ukali wake wote, na mchapaji akiona kosa dogo la tahajia anaweza kukuuliza na hata kulirekebisha. Programu nyingi huzika zenyewe unapotoa PDF, lakini si zote na si kila fonti. Zipo ambazo aliyezitengeneza amezifungia zisizikwe, na programu itakupa onyo ambalo watu wengi hulifunga bila kulisoma. Lisome.

Ya pili ni kugeuza herufi kuwa michoro. Baada ya hapo hakuna fonti tena, kuna maumbo tu, na hakuna kompyuta itakayoyabadilisha. Kwenye Illustrator chagua maandishi kisha bonyeza Shift+Ctrl+O. Kwenye CorelDRAW ni Ctrl+Q. Kwenye Inkscape ni Shift+Ctrl+C. Njia hii ni nzuri kwa nembo, kadi, bango, lebo na kava. Kwa kitabu kizima naikataa kabisa: faili linakuwa zito, herufi ndogo huweza kunenepa kwenye baadhi ya mashine za dijitali, na kosa la herufi moja likigunduliwa usiku wa mwisho huwezi kulifuta kwa kuandika. Fanya hivyo kwenye nakala, kamwe si kwenye faili mama. Ipe nakala jina linaloeleweka, kwa mfano "kadi_michoro", na faili mama libaki na maandishi yake hai.

Baada ya kugeuza, hakikisha hakuna maandishi yaliyojificha. Leya (tabaka za faili) zilizofungwa au zilizozimwa hazishikwi na amri ya kuchagua vyote. Kwenye CorelDRAW, maandishi yaliyowekwa ndani ya PowerClip (fremu inayobana vitu ndani yake) yanaweza kubaki vilevile mpaka uyafungue. Kwenye Illustrator nenda kwenye orodha ya Find Font (Find/Replace Font kwenye matoleo mapya) chini ya menyu ya Type: ikiwa tupu, umemaliza, ikionyesha hata jina moja, kuna neno mahali fulani bado linategemea fonti.

Ya tatu ni kufungasha kila kitu pamoja. InDesign na Illustrator zina amri ya Package, Scribus inayo ya Collect for Output. Amri hiyo inakusanya faili, picha na fonti kwenye folda moja. Itumie pale mchapaji anapohitaji faili linaloweza kuhaririwa. Kumbuka lakini kwamba leseni ya fonti inaweza kukataza kumpa mtu mwingine nakala yake. Fonti za Google Fonts zina leseni huru, ndiyo sababu nashauri anayeanza azitumie kuliko kupakua mikusanyo ya "fonti 5000 bure". Katika mikusanyo hiyo nyingi ni matoleo ya majaribio: hazina tarakimu kamili, hazina alama ya @, nyingine hazina hata herufi ndogo. Na kama bado una fonti za zamani za PostScript Type 1, ujue Adobe iliacha kuzitumia kwenye programu zake Januari 2023. Kazi za kale zenye fonti hizo zitafunguka zikiwa na pengo.

Angalia pia kitufe cha B. Kwenye Word na Publisher, ukikibonyeza kwa fonti isiyo na unene wake halisi, programu hunenepesha herufi kwa hila. Kwenye skrini inapendeza, kwenye PDF unene huo unaweza kupotea au kutoka umevimba. Chagua mwenyewe toleo nene kutoka kwenye orodha ya fonti. Kama halipo, tafuta fonti nyingine.

Sasa jambo ambalo miongozo mingi ya kigeni hailigusi kwa sababu haiwahusu: herufi za lugha zetu.

Tuanze na ng'. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na ng'ombe iliyoandikwa kwa alama iliyonyooka, ng’ambo kwa iliyopinda, na Nyang`oro kwa ile alama ya pembeni mwa namba 1 kwenye kibodi. Kwenye maandishi madogo huenda isionekane. Kwenye bango la mita tatu inaonekana mpaka ng'ambo ya barabara. Amua moja, napendelea iliyopinda, kisha tumia amri ya kutafuta na kubadilisha katika faili lote. Na kabla ya kuikubali fonti yoyote ya mapambo, andika nayo "ng’ombe", "Sh. 25,000/=" na tarakimu zote. Ikishindwa hapo, iache.

Kisha kuna vitabu vya lugha za nyumbani. Kinyakyusa kina irabu saba, na tahajia inayotumika katika vitabu kadhaa vya miaka ya karibuni huziandika mbili kati yake kwa ɨ na ʉ. Fonti nyingi nzuri hazina herufi hizo. Programu ikizikosa hufanya moja kati ya mawili: inaweka kisanduku kitupu, au inaazima herufi kutoka fonti nyingine. Hili la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani haraka. Ɨ inakuwa nene kidogo au fupi kidogo kuliko jirani zake, na msomaji anaona ukurasa una madoa bila kujua kwa nini. Nimeona watu wakichora kamstari juu ya i ya kawaida ili kupata ɨ. Usifanye hivyo. Mistari hiyo husogea maandishi yanapohaririwa, na ukitafuta neno kwenye faili hulipati. Tumia fonti zilizotengenezwa zikiwa na herufi hizo, kama Andika, Charis au Gentium kutoka SIL, zote za bure na zenye leseni huru. Andika imetengenezwa mahsusi kwa wanaojifunza kusoma, kwa hiyo kwa kitabu cha watoto sioni sababu ya kutafuta nyingine. Mtu anayefungua kitabu cha lugha ya bibi yake anastahili kukuta kila herufi imekaa sawa na wenzake.

Kuhusu ukubwa: usishuke chini ya pointi 6 kwa maandishi ya wino mmoja, na maandishi meupe juu ya rangi yasishuke chini ya pointi 8, tena yawe ya fonti nene isiyo na vimikia (vijiti vidogo kwenye ncha za herufi). Mistari isipungue pointi 0.25.

Hatua ya 4: Picha

Swali la kwanza ni pikseli. Kwa kazi ya kushikwa mkononi tunataka pikseli 300 kwa kila inchi katika saizi ambayo picha itachapwa. Hesabu yake ni rahisi: chukua pikseli za upana, gawanya kwa 300, zidisha kwa 2.54, unapata sentimita.

Chukua mfano wa kalenda ya kwaya, saizi ya A3, picha imelala na kujaza upana wa sentimita 42. Mwenyekiti amekutumia picha kwa WhatsApp, na ukiangalia sifa zake ni pikseli 1600 kwa 1200. Kwa 300 inatosha upana wa sentimita 13.5 tu. Ukiivuta ijaze sentimita 42, unabaki na pikseli 97 kwa inchi, na nyuso za safu ya nyuma zinakuwa ukungu. Picha hiyohiyo kwenye simu iliyoipiga inaweza kuwa pikseli 4000 kwa 3000. Hiyo kwa sentimita 42 inakupa 242 kwa inchi, na kwa kalenda ya ukutani naikubali bila wasiwasi. Picha haikuwa mbaya, njia ndiyo iliyoikamua.

Kwa hiyo omba picha halisi, na ueleze namna ya kuituma, kwa sababu si kila mtu anajua: "Shikamoo mama. Picha ni nzuri ila imepungua ubora njiani. Naomba mwenye simu aliyepiga aitume tena kama dokumenti, siyo kama picha. Kwenye WhatsApp abonyeze alama ya kiambatisho, achague Dokumenti, kisha aitafute picha humo." Ikishindikana, flashi kwa mkono.

Kuongeza namba kutoka 72 kwenda 300 ndani ya Photoshop hakuleti undani usiokuwepo. Programu inabuni pikseli za katikati kwa kukisia. Picha za kuchukuliwa kwenye skrini na zile za Facebook ziweke kando moja kwa moja. Mabango makubwa yanayotazamwa kutoka mbali yana nafuu: pikseli 100 hadi 150 kwa inchi zinatosha, na kwa yale ya juu ya barabara hata 72. Michoro ya mstari mweusi, kama sahihi au muhuri ulioskaniwa, inataka zaidi: 1200 kwa inchi.

Nembo ni suala lake. Nembo ya kanisa, shule au halmashauri iliyotolewa kwenye tovuti ni picha ndogo yenye kingo za ngazi. Omba faili la vekta, yaani mchoro wa mistari usiopoteza ukali ukikuzwa. Kama halipo, ichore upya kwa uangalifu na umwonyeshe mwenye nembo aiidhinishe kabla ya kuitumia.

Swali la pili ni rangi. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine kwa wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Zipo rangi ambazo skrini inazo na wino hauna. Kijani kibichi cha mashamba ya chai Rungwe baada ya mvua ni mojawapo; anga la buluu juu ya Kitulo ni nyingine. Ukiziacha katika RGB (mfumo wa rangi za skrini), mashine ya mchapaji itazigeuza kwa namna yake na wewe utaziona siku mzigo unafika. Zigeuze mwenyewe kuwa CMYK (mfumo wa wino hizo nne) kwa profaili uliyopewa. Kwa karatasi ya kung'aa, profaili ya FOGRA39 inatumika sana. Utaona kijani kimefifia, na sasa unaweza kukisaidia kwa kupunguza majenta humo. Buluu ikianza kuwa zambarau, hakikisha majenta iko chini ya samawati kwa angalau asilimia 30. Mwonyeshe mteja rangi hizi mpya mapema. PNG haina CMYK kabisa, kwa hiyo hifadhi kwa TIFF au PSD. JPEG nayo hupoteza kidogo kila unapoihifadhi upya, basi ifanyie kazi ikiwa TIFF, na kama unahitaji JPEG itoe mara moja mwishoni.

Sasa nyuso. Hapa ndipo kazi nyingi za kwetu zinapoharibika na ndipo ningependa kila mbunifu aweke muda. Nukta za wino zikigusa karatasi hutanuka, na kwenye karatasi isiyo na mng'ao hutanuka zaidi. Sehemu za giza huziba. Ngozi nyeusi iliyopigwa picha kivulini, mtu akiwa amevaa joho jeusi, ikichapwa bila kuandaliwa inatoka kama doa moja: huoni shavu linaanzia wapi, huoni macho. Fungua Curves (kidirisha cha Photoshop cha kurekebisha mwanga), shika sehemu ya katikati, inyanyue kidogo mpaka uso uonekane umezidi mwanga kwa kiasi fulani kwenye skrini. Usiguse weusi wa mwisho wala weupe wa mwisho, picha isije ikapauka. Kisha pima jumla ya wino kwenye pembe yenye giza zaidi: ukijumlisha asilimia za rangi zote nne isizidi 300 kwa karatasi ya kung'aa, na iwe chini ya hapo kwa karatasi ya kawaida, kadiri mchapaji atakavyosema. Wino ukizidi haukauki, karatasi zinagandana na uso wa mtu unahamia mgongoni mwa ukurasa unaofuata. Angalia pia kama ngozi imekuwa nyekundu au ya kijivu. Mara nyingi njano imepungua. Watu wa kwenye picha watajitafuta kwanza kabla ya kusoma chochote.

Weusi wa maandishi uwe wino mweusi peke yake kwa asilimia 100. Weusi unaotoka Word, au ule wa RGB, hugeuka kuwa mchanganyiko wa wino nne. Pleti zikipishana hata kwa uzi, kila herufi inapata kivuli cha rangi. Kwa eneo kubwa jeusi, kama kava zima, hapo ndipo uchanganye: samawati 60, majenta 40, njano 40, nyeusi 100. Rangi iitwayo Registration iache, hiyo ni ya alama za kukatia tu. Na hakikisha hakuna kitu cheupe kilichowekewa Overprint (amri ya kuchapa juu ya rangi nyingine bila kuiondoa chini yake), kwa sababu kitatoweka.

Anayefungasha bidhaa, awe wa unga, asali au kahawa ya Mbozi, ana msimbo wa mistari pia. Ule wa Tanzania huanza na 620. Uweke kama vekta, mistari myeusi ya wino mmoja juu ya weupe, na usiubane: saizi yake ya kawaida ni milimita 37.29 kwa 25.93, na haishuki chini ya asilimia 80 ya hapo. Mistari myekundu haisomeki kwenye mashine za dukani.

Mwisho wa picha: programu kama InDesign haibebi picha, inaonyesha tu njia ya kuifikia. Ukihamisha folda, njia inakatika na kinachochapwa ni kivuli cha picha. Weka picha zote kwenye folda moja ya kazi tangu siku ya kwanza, na kabla ya kutoa PDF fungua orodha ya Links uone hakuna alama nyekundu.

Hatua ya 5: Toa PDF

Kama mchapaji hakutaja, tumia PDF/X-4, moja ya aina za PDF zilizowekewa kanuni za uchapaji. Kama mashine zake ni za zamani ataomba PDF/X-1a, ambayo hugandamiza vivuli na uwazi wote na haikubali RGB. Zote mbili zinalazimisha fonti zizikwe, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Washa blidi, washa alama za kukatia, na usiruhusu picha kushushwa chini ya 300.

Wanaotumia Canva wachague PDF Print, waweke alama kwenye Crop marks and bleed, na kwa wenye akaunti ya kulipia wachague CMYK. Wanaotumia Publisher waanze kuhama, kwani Microsoft imetangaza kuiondoa Oktoba 2026. Scribus ni ya bure na inatoa PDF/X.

Hatua ya 6: Kagua kwenye kompyuta isiyo yako

Kompyuta yako ina fonti zote, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha kinachokosekana. Peleka PDF kwenye flashi hadi stesheneri ya jirani au kwa rafiki, ifungue kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl+D, nenda sehemu ya Fonts. Kila jina liwe na neno Embedded au Embedded Subset (yaani imezikwa) mbele yake. Lisilo nalo, rudi nalo nyumbani.

Kisha kuza hadi asilimia 400 na upitie nyuso, nembo, ng', ɨ na ʉ kama zipo. Mwenye Acrobat Pro afungue Output Preview, azime wino mweusi na aangalie: maandishi yote ya aya yanapaswa kutoweka. Yanayobaki yana rangi nyingine ndani yake.

Hatua ya 7: Tuma, kisha omba sampuli

Jina la faili liseme kazi, saizi na toleo: "Kalenda_Kwaya_A3_toleo3.pdf". Maneno kama "final" na "final mpya kabisa" yameshachapisha matoleo yasiyo sahihi. Faili zito lipakie usiku wakati mtandao umetulia, kisha muulize mchapaji ukubwa wa faili alilopokea ili ujue limefika zima.

Omba sampuli kwenye karatasi ileile ya kazi. Ikija kwa basi, itoe nje uione kwa mwanga wa mchana, siyo chini ya taa ya dukani. Soma majina yote kwa sauti, ukiwa na mteja. Akikubali aweke sahihi na tarehe juu ya sampuli yenyewe, ipige picha, umtumie mchapaji pamoja na neno la kuanza kazi. Sampuli, PDF, faili mama, fonti na picha vikae kwenye folda moja pamoja na maelezo ya karatasi na profaili zilizotumika. Kwaya itakaporudi Novemba kutaka kalenda ya mwaka unaofuata, utabadilisha picha na tarehe tu.